Injini Mpya, Giaboksi ya Baba

Baba yangu aliacha kuendesha lori siku aliyosimama katikati ya barabara ya vumbi kule Moiben na kulipigia honi rundo la nyasi kavu. Alitaka limpishe. Lilipokataa, akateremsha kioo akaliuliza kama barabara ni ya mama yake. Mama, aliyekuwa ameketi kando na mkebe wa maziwa katikati ya magoti, alimwacha amalize. Kisha akamwambia kwa upole kwamba aliyesimama mbele si mtu wala ng'ombe, ni nyasi za jirani, na jirani mwenyewe yuko pale kwenye ua anatazama.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini Eldoret. Daktari akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi, ila kilichobaki kitalindwa kwa dawa. Baba alisikiliza kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa jingine, halafu akauliza kama anaweza kuendelea kuendesha mchana tu. Daktari akataka kujua ile ajali ya nyasi ilitokea wakati gani. Nilikuwa nimemsimulia, maana mdomo wangu hauna breki. "Saa sita mchana," nikajibu kwa niaba ya Baba, "na jua lilikuwa linawaka." Hakusema nami neno hadi tulipofika kwangu Kapsoya, na hata hapo alichosema ni kwamba chai yangu haina majani.

Hivyo ndivyo lori lilivyokuja mikononi mwangu. Kaka zangu wako Nairobi na wanapenda magari madogo yenye viti vya ngozi. Mimi nilifundishwa na Baba nikiwa msichana, kwenye shamba lililovunwa, nikikanyaga klachi mara mbili kila nilipobadilisha gia kwa sababu giaboksi ile ilitaka kubembelezwa. Ukiikosea adabu ilipiga yowe, grraaa, na Baba alishika kichwa utadhani nimemkanyaga yeye.

Lori lenyewe lilikuwa la Kiingereza, lenye pua ndefu, na lilikuwa kazini kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kutoa mahindi mashambani Moiben na kuyaleta mjini. Watu hawakulijua kwa rangi, kwa sababu rangi ilikuwa imekwisha. Walilijua kwa sauti. Ndani ya ule mngurumo wake kulikuwa na kitu kinachogonga, tok, tok, tok, kama mtu anayebisha mlango na hajakata tamaa. Nyumbani kwetu ni juu ya kilima, na chini yake kuna daraja. Lori lilipofika darajani Mama aliweka sufuria ya chai kwenye moto. Lilipoingia langoni, chai ilikuwa inachemka. Hakuwahi kutazama saa.

Baba naye, baada ya macho kumwangusha, alihamishia kiti chake cha miguu mitatu karibu na lango. Wageni walidhani mzee anapunga hewa. Ungemwangalia vizuri lori likipanda, ungeona mguu wake wa kushoto unakanyaga ardhi, na mkono wake juu ya kichwa cha fimbo unasukuma mbele, unarudisha nyuma, unasukuma tena. Pale kanisani gia ya tatu. Pale kona ya mikaratusi gia ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika usukani tu. Aliyekuwa anaendesha ni yeye.

Halafu zilikuja simu. Kila nikipita nyumbani kuelekea mashamba ya mbele au nikirudi na mzigo, nikisimama tu, simu inalia. Kwa kuwa hakuziona namba, Mama ndiye aliyembonyezea, na Mama hawezi kushika simu bila kuuliza habari za watoto, za mvua Kapsoya na za kikohozi changu, kwa hiyo kesi zangu zilianza kwa salamu ndefu. Kisha sauti ya Baba: "Pale kanisani umechelewa kushuka gia. Ulitaka kuizima?" Au: "Leo umebeba mengi kupita kiasi, nimesikia linavyopumua." Nilikuwa mama wa watoto, mwenye leseni ya malori makubwa, na bado nilikuwa nakaripiwa kwa simu kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Nilichukia. Nilimwambia Mama simu ile itupwe kwenye choo cha shimo.

Mavuno yalikuwa yameanza wakati injini ilipokufa. Ilikufa pale darajani, nikiwa na shehena kamili. Nilisikia mlio mmoja kama mtu ameangusha mzigo wa mabati, halafu kimya, halafu mafuta meusi yakaanza kumwagika barabarani. Mama alinisimulia baadaye kwamba Baba alikuwa ameketi langoni. Aliinua uso, akasubiri, kisha akavua kofia. "Imeenda," akasema.

Kwetu habari ya namna hiyo hailali. Kufikia jioni majirani walikuwa wamejaa uani kutupa pole, na hawakuja mikono mitupu. Walileta maziwa, sukari na mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu. Walikaa kimya kidogo, kama inavyotakiwa, kisha mmoja akauliza kama lilikuwa limeugua muda mrefu. Mzee wa kanisa akasimama akaomba, akamshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa nalo, na nusura aombe roho yake ipokelewe pema. Mama alimvuta koti. Baba aliitikia amina kwa sauti nzito, na sikujua kama nicheke au nilie, nikamimina chai.

Lori lilivutwa kwa trekta hadi karakana moja nje ya mji. Fundi wa pale alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, ovaroli yake imepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, na miwani ya jua hata chini ya gari. Alipenda Kiingereza kikubwa kama wengine wanavyopenda nyama. Alizunguka lori, akainama, akaingiza mkono kwenye tundu lililotoboka ubavuni mwa injini.

"Madam," akaniambia, "this is a catastrophe of the first degree. Hii engine imetoa mguu nje. Ukitaka, nikuonyeshe crankshaft, umsalimie."

"Inaweza kutengenezwa?" Baba akauliza.

"Mzee wangu, kila kitu chaweza tengenezwa. Hata kanisa lililoungua. Lakini spea za huyu Mwingereza haziji tena. Nitatoa pistoni kwa lori lililokufa Kitale, bearing kwa lingine lililokufa Bungoma, halafu hao wote waanze kuzoeana ndani ya hii block yenye shimo? No. Tuweke Mjapani."

Kuweka Mjapani ni jambo la kawaida huku. Nusu ya malori ya zamani unayoyaona yamebeba mahindi yana uso wa Kiingereza na tumbo la Kijapani. Unatoa injini iliyokufa, unaweka iliyotumika kule kwao na kuletwa kwa meli, na mradi vyuma vikubaliane, lori linaishi mara ya pili. Nilimwambia fundi aanze kutafuta. Baba akasema hakuna injini itakayoingia kwenye lori lake kabla hajaisikia.

Basi tukaenda watatu kwenye uwanja unaouza injini, Baba akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Injini zilikuwa zimepangwa chini kwenye udongo mweusi wa mafuta, safu kwa safu, na kati yake alitembea muuzaji, kijana mnene mwenye maneno laini. Kila injini aliyoigusa ilikuwa na maisha mazuri huko nyuma. Hii ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Ile ilikuwa ya mama mmoja wa Kijapani aliyeendesha Jumapili kwenda kanisani tu.

"Na lori?" nikamwuliza. "Mama alikuwa anaenda kanisani na lori?"

"Kanisa lilikuwa mbali, madam," akajibu bila kupepesa macho.

Waliweka injini ya kwanza juu ya matairi mawili, wakaunganisha betri, wakaning'iniza mtungi wa dizeli juu ya mti wa pembeni, wakaiwasha. Ilikuwa ya silinda nne, safi, tulivu. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baba alivua kofia, akafumba macho ambayo hata hivyo hayakuwa yanamsaidia sana, akasikiliza.

"Hii ni ya kila mtu," akasema. "Kila lori linalopita kwetu linalia hivi."

"Exactly! Ndio uzuri wake. Spea kila duka."

"Ingine."

Ya pili ilikuwa ya silinda sita, ndefu kama kitanda cha wageni. Fundi aliipenda kwa moyo wake wote. Alisema itavuta lori na mahindi na kilima chenyewe. Hapo Baba alimjibu bila hata kuvua kofia kwamba uzito ule utakaa wote mbele, springi zitalala, na lori litatembea likitazama chini kama msichana anayechumbiwa. Tena itakunywa. Fundi alinitazama nimsaidie. Nilitazama pembeni, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nakubaliana na Baba na sikutaka ajue.

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, imefunikwa gunia, na muuzaji hakuwa na haraka ya kuionyesha. Silinda nne, ndugu wa ile ya kwanza. Walipoiwasha ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikatulia. Na ndani ya mngurumo wake tukasikia: tok, tok, tok.

Baba akatabasamu. Sikuwa nimeona tabasamu hilo tangu zile nyasi.

"Hiyo," akasema. "Funga hiyo."

Muuzaji aliruka kama mtu aliyeitwa jina. Akasema mzee ana sikio la dhahabu, akasema hiyo ndiyo aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Lakini fundi alikuwa amechukua bisibisi ndefu, ameweka ncha kwenye ubavu wa injini na mpini kwenye sikio, kama daktari. Alipoinuka alikuwa amevua miwani. Kwa kweli ndiyo siku pekee niliyoyaona macho yake.

"Mzee wangu," akasema, na safari hii hakukuwa na Kiingereza, "hii ni mgonjwa. Pistoni imelegea, inapiga ukuta. Hiyo sauti ndio ugonjwa wenyewe."

"Lori langu lililia hivyo miaka yote."

"Ndiyo, Mzee. Na ndio ikamuua."

Baba alivaa kofia. Akavua. "Ile ilikuwa sauti yake," akasema.

"Alikuwa anaita fundi, Mzee."

Ungedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha. Baba alisimama wima ndani ya koti lake la Jumapili na kusema inunuliwe hiyo hiyo, mgonjwa au mzima, ataitibu mwenyewe. Nami nina hasira za karibu. Zinakaa hapa tu, nyuma ya meno. Mahindi yalikuwa yanangoja mashambani, mawingu yalikuwa yanakusanyika kila alasiri, wakulima walikuwa wananipigia simu mpaka chooni, na baba yangu alitaka kununua ugonjwa kwa sababu anaupenda mlio wake.

"Baba!" nikapiga kelele, na uwanja mzima ukageuka. "Tunanunua injini au tunachagua mwimbaji wa kwaya?"

Hakunipandishia. Angenipandishia ingekuwa rahisi. Aligeuza uso kidogo, akatazama mahali nilipokuwa nimesimama kabla sijasogea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe utaendesha injini yoyote. Mimi nikikaa pale langoni nitaendesha nini?"

 Muuzaji aliinamia chini kukagua kiatu chake. Niliona aibu, nilimhurumia, na bado nilijua hatuwezi kununua injini inayogonga katikati ya mavuno. Tukachukua ile ya kwanza. Ile ya kila mtu.

Muuzaji, ili kuonyesha huruma, akasema atatupa na giaboksi yake, kwa kuwa hivyo viwili vilikuja pamoja na havitenganishwi, kama bwana na bibi. Hapo Baba akapata nguvu tena.

"Giaboksi yangu haitoki," akasema.

Fundi karibu alie. "Mzee, please! Hiyo ya zamani mtu anakanyaga clutch mara mbili kama anacheza ngoma. Nani leo anaendesha hivyo?"

"Huyu," akasema Baba, na, akidhani ni mimi, akanyoosha kidole kwa mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma langoni. Yule mama akakataa katakata.

Lakini hakuwa anasema upuuzi. Alieleza pale pale kwamba giaboksi ya Mjapani ilitengenezwa kwa barabara za lami, na gia yake ya kwanza ni ndefu mno kwa lori lililozama shambani na mzigo. Ile yetu ilikuwa na gia ya kwanza fupi, ya polepole, inayotambaa, iliyotutoa kwenye matope ambayo matrekta yaliogopa. Fundi alifikiri, akakuna kidevu, akakiri kwamba tena injini hii inapenda kuzunguka upesi, na giaboksi ya zamani pamoja na difu ya zamani kule kwenye magurudumu ya nyuma zitaipa nafasi ya kuzunguka. Shida ni kwamba mdomo wa moja haulingani na mdomo wa nyingine. Itabidi kukereza sahani ya chuma ya kuziunganisha.

"Kereza," nikasema upesi. Nilikuwa nimemnyima injini. Kumnyima na giaboksi kungekuwa kujigeuza shetani.

Baba alihamia karakana. Kila asubuhi nilimkuta ameketi juu ya kreti la soda akisimamia. Ile sahani ilisukuma giaboksi nyuma kidogo, kwa hiyo propela, ile shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu kupita kiasi, ikabidi ikatwe na kuunganishwa upya. Miguu ya kukalisha injini ikahamishwa. Rejeta ya maji ya Mwingereza ikaonekana haimtoshi Mjapani kunywa. Injini ilikuwa imekuja bila pampu ya kusaidia breki, na fundi aliposema hiyo tutaweka wiki ijayo, Baba alimwomba kwa heshima apande nyuma ya mahindi, tuteremke naye kilima bila breki, halafu aseme wiki ijayo ni lini. Pampu iliwekwa mchana huo. Fundi aliendelea na Kiingereza chake kikubwa, Baba alimjibu kwa lugha yetu ya nyumbani, na walielewana vizuri kuliko mimi na yeyote kati yao.

Safari ya kwanza nilienda peke yangu. Baba alikuwa ametangulia nyumbani ili akae mahali pake asikie. Lori lilikuwa limepona! Lilikwenda jepesi, halitoi moshi, halimwagi mafuta. Nilipita darajani naimba, nikabadilisha gia kwa ustadi ambao malaika wangeupigia makofi. Sikukosea popote. Nilifika langoni nimevimba kwa majivuno.

Baba alikuwa kitini, fimbo imelazwa juu ya magoti. Alisikia breki, akageuza uso.

"Karibu," akasema kwa adabu ya kumpokea mgeni. "Nani?"

Nilikaa pale juu na mkono kwenye usukani. Mama akatokea jikoni, amekasirika, mikono kiunoni. Alisema tangu asubuhi kila lori linalopita linalia vivyo hivyo, ameshapika chai mara chungu nzima, na dereva mmoja asiyemjua mtu, aliyesimama kukaza gurudumu, ameingia akakaribishwa, akanywa vikombe viwili na kula viazi nilivyowekewa mimi.

Zile simu zikakoma. Nikiri kwamba siku za kwanza zilikuwa tamu. Nilikula njugu nikiendesha. Nilishuka gia nilipotaka. Lakini baadaye nilianza kusimama mashambani, nazima injini, natazama simu. Mama alinipigia kwa hiari yake akaniambia fimbo imetundikwa nyuma ya mlango, na Baba siku hizi akishapata kifungua kinywa anarudi kitandani, anageukia ukuta. Yule dereva wa viazi, lakini, alikuwa amerudi mara ya pili.

Nilijaribu. Nilipiga honi darajani. Baba akasema honi haimwambii kitu, hata yeye amewahi kuzipigia nyasi. Fundi, niliyemweleza kwa simu, alisema ana scientific solution, akatoboa bomba la moshi. Nilipanda kilima nikitoa mlio wa kutisha, ng'ombe wa jirani wakaruka ua, na mzee wa kanisa akasimamisha mazoezi ya kwaya. Baba alituma neno kupitia Mama kwamba amesikia makelele, lori hajalisikia. Bomba likazibwa.

Halafu ikaja alasiri moja, mvua inanukia, nimebeba magunia ya mashamba ya chini ya daraja, naenda kuongeza ya mashamba ya mbele, nimechoka, nimekasirishwa na mkulima aliyenichelewesha. Nikafika kona ya mikaratusi. Nilitakiwa kushuka gia ya pili, na kwa uchovu nikakanyaga klachi mara moja tu, kama mtu anayeendesha gari la mjini. Giaboksi ikapiga yowe.

Grraaa!

Nikashtuka. Si kwa kosa. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu injini ibadilishwe, maana nilikuwa naendesha vizuri mno. Ilikuwa ile ile. Ile ya shambani nikiwa msichana, ile iliyomfanya ashike kichwa. Injini ilikuwa ya kila mtu, lakini yowe lile halikuwa na mwenzake kutoka Eldoret hadi Moiben.

Nikaendelea kupanda. Kabla ya kufika nyumbani kuna mahali padogo barabara inapoinuka mara ya mwisho. Pale gia haihitaji kubadilishwa kabisa. Nikaibadilisha. Nilifanya makusudi, mguu wa klachi hewani, mkono umesukuma kwa nguvu, na Mungu anisamehe, lori zima lilitetemeka.

Nilipita lango bila kutazama. Nilisimama mbele kidogo, nikazima, nikaweka simu juu ya dashibodi. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga kioo. Simu ikalia.

Mama hakuuliza habari za mtu yeyote. Nilisikia akisema tu, "Shika, shika."

"Nani alikufundisha kuendesha lori?" Baba alikuwa ananguruma.

"Ni wewe, Baba."

"Mimi sikukufundisha hivyo! Ile ya kwenye kona umekosea. Miguu mivivu. Lakini hii ya hapa juu," nikamsikia akivuta pumzi, "hii umefanya makusudi."

Nilitaka kukana. Lakini nikasema tu, "Ndiyo."

 Nilisikia kitu kikigonga sakafu, nikajua ni fimbo, imetoka nyuma ya mlango.

"Hiyo ya hapa juu usirudie," akasema hatimaye. "Utaniulia giaboksi, na haina ndugu duniani. Lakini kesho, ile ya kona, ikosee tena kidogo. Nikishajua uko kwenye kona, hizo zingine nitafuata mwenyewe."

Kesho yake, pale kona ya mikaratusi, niliikosea gia ya pili polepole na kwa heshima. Nilipoingia langoni, chai ilikuwa inachemka.